Kiti cha Mjumbe wa Siam

Kiti cha mjumbe wa Siam kilikuwa kinahamishwa tena, na safari hii aliyekibeba ni Raja mwenyewe.

"Kulia kidogo," alinong'ona Raja Bahrun akihema. "Hapo hapo. Kisisogezwe tena."

"Tuanku," alisema waziri wake, Datuk Seman, "wageni wote huwa tunawaketisha upande wa mtoni."

"Huyu si kama wageni wote."

Mlangoni, mama yake Raja, Tengku Besah, alikuwa anatafuna tambuu kwa hasira.

"Mwekee na mto wa hariri basi! Kila miaka mitatu tunampelekea mfalme wao mti wa dhahabu, na maua yake na majani yake, tunajidanganya kwamba ni zawadi ya marafiki. Leo wanataka na paji la uso lako?"

Ndilo lililokuwa agizo: Raja na wakuu wake wasujudu mbele ya barua ya mfalme wa Siam. Wakikataa, tembo wa vita wangeshuka kukanyaga mpunga wote wa nchi yao, Kuala Tembesu. Na wakuu wale wale walishaapa kwamba Raja atakayemsujudia binadamu si Raja wao tena.

"Mama, niamini."

"Nikuamini nini? Marehemu baba yako hakuinama hata kupita mlangoni, alikuwa anajigonga kichwa kila siku! Ukisujudu, wali wangu usiuguse tena."

Akaenda zake jikoni, asije akayaona mambo hayo.

Saa kumi, jua lilipopungua ukali, mjumbe mwenyewe, Luang Phinit, alipanda ngazi na barua yake juu ya sinia. Alikuwa kijana wa Bangkok, na hii ilikuwa safari yake ya kwanza kusini. Aliwakuta wanaume wamepanga mistari, hakuna mwenye viatu, nyuso na mikono imelowa. Wamelia, alifikiri, na akawahurumia.

"Bangkok iko kaskazini," alisema alipoonyeshwa kiti. "Mbona mnaniweka huku?"

"Bwana mkubwa," alijibu Raja, "katika nchi hii hakuna upande wenye heshima kuliko huo."

Kijana akaketi, kifua mbele.

Raja alisimama mbele ya watu wake, midomo ikimcheza bila sauti. Kisha akatoa sauti fupi, wote wakainama. Wakanyooka. Halafu wakashuka kwa pamoja, mapaji yakagusa mkeka. Luang Phinit alihisi mwili unamsisimka. Wakashuka tena. Wakasimama, wakaanza upya.

"Basi, basi, inatosha," alisema kwa ukarimu. Barua ilidai mara tatu tu.

Hakuna aliyemjibu wala kumtazama. Wakaendelea mpaka yeye mwenyewe akaona haya.

"Nitamwambia mfalme," alisema wakati wa kuagana, macho yakimlengalenga, "hakuna nchi tiifu kama hii. Tembo wa nini hapa?"

Mashua yake ilipopotea kwenye kona ya mto, Tengku Besah aliingia kama kimbunga.

"Habari zimeshafika jikoni! Eti mmesujudu mpaka mgeni mwenyewe akawaomba muache! Na wewe Seman, mzee mzima na ndevu zako, kiapo chako umekimeza na tambuu?"

Datuk Seman, aliyekuwa anatafuta viatu vyake, alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Raja alitazama jua lililokuwa linashuka nyuma ya kile kiti kitupu, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama," alisema kwa upole, "wewe umeshaswali alasiri?"

"Nitaswali saa ngapi na aibu hii?"

"Basi wahi, jua linakwenda. Sisi tumeshaswali. Tena kwa jamaa."