Hewa ya Watu Wawili

Kodi ya chumba cha Saumu ilijumuisha maji, umeme na hewa safi ya watu wawili. Mtoto mchanga hakuhesabiwa mpaka atimize siku arobaini, kwa hiyo mama yake Saumu, Bi Mwanakheri, alikuja kutoka Pangani kumlea mzazi.

Mtoto alizaliwa Alhamisi baada ya magharibi. Kwa hesabu ya Bi Mwanakheri, huo ulikuwa tayari usiku wa Ijumaa, na tiketi ya basi akaikata kwa hesabu hiyo. Jengo lilihesabu kuanzia Alhamisi.

Asubuhi ya siku ya arobaini kwa hesabu ya jengo, Bi Mwanakheri alikuwa akimkanda mtoto mafuta pale ukuta uliposema kwa upole, "Waliomo ni watatu. Mmoja atoke, au hewa itapunguzwa."

"Hata uji hatujanywa!" Bi Mwanakheri akaujibu. "Wewe huna mama?"

Saumu hakucheka. Vumbi la viwandani lilikuwa limejaa ushorobani, na basi lilikuwa la kesho.

"Nitatoka mimi, mama."

"Utoke na maziwa ya mtoto? Kaa hapo, mwanangu. Siku moja tu."

Akajifunga kanga puani, akabeba kigoda, akatoka. Mlango ukajifunga.

"Asante," ukuta ukasema.

Mchana kutwa Saumu alimsikia akikohoa. Ilipofika alasiri, kikohozi kikakoma. Saumu akamwita. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa, lakini angefungua, vumbi lingemwingia mtoto.

Akaita tena, kwa sauti ya chini, asimwamshe mtoto.