Meno ya Maji

Bakteria waliotiwa maji matupu walikuwa wamekufa wote.

Vanajakshi alikiinua dirishani kisahani cha kwanza cha kuoteshea bakteria, akakigeuza, akachukua kingine. Vya meno yaliyojazwa dawa ya mwarobaini vilikuwa safi. Vya meno yaliyojazwa maji, ambavyo vilipaswa kuchafuka kama mtaro wa sokoni, navyo vilikuwa safi.

Alikuwa mwaka wa mwisho wa kusomea ubingwa wa meno hapo mjini Mysuru, na utafiti wake ulikuwa na swali moja tu: je, majani ya mwarobaini yanaweza kuua wadudu waliojificha ndani ya mzizi wa jino bovu, badala ya dawa kali ya dukani? Alikusanya meno yaliyong'olewa, akayaambukiza, akayajaza, akayaziba. Meno ya maji yaliwekwa ili yashindwe. Yakifaulu nayo, mwarobaini haujathibitisha lolote, na yeye mtihani wa mwaka huu hafanyi.

Akalipeleka jino moja la maji chini ya taa. Juu ya kizibo palikuwa na nukta ya njano. Akainusa. Manjano ya jikoni, yale yale ambayo bibi yake alikuwa akiyabandika kwenye kidonda ili kisioze.

Juzi ilikuwa sikukuu ya kubariki vifaa. Mji mzima ulipaka manjano kila chombo kinachomlisha mtu: cherehani, majembe, mabasi. Vanajakshi mwenyewe alipasua malimau kwa magurudumu ya skuta yake. Lakini maabara ilikuwa na amri. Profesa Narasimha, msimamizi wake, alitangaza kwamba anayetaka kubariki akabariki kwake. Mzee huyo hata mwarobaini hakuuamini. Alipoletewa wazo la utafiti alijibu kwamba babu zake wote walipigia mswaki vijiti vya mti huo, na wote walifika kwenye kuni za kuchomewa maiti wakiwa vibogoyo.

Basi alibaki Puttamma, mfagiaji. Vanajakshi akamkuta kwenye ngazi anakunywa kahawa, alama nyekundu ya ibada bado i kwenye paji la uso. Puttamma hakukana kupaka. Alipaka ufagio, ndoo, na lifti pia, maana mwaka ule walipoacha kuipaka, lifti ilikwama na mkuu wa chuo akiwa ndani. Meno, la.

"Mama, sema kweli tu. Sitakushtaki."

"Meno ya vinywa vya watu nisiowajua? Kwa vidole vilivyotoka kumpaka mungu?" Puttamma akaweka kikombe chini. "Mimi nina dini yangu, binti. Katafute asiye nayo."

Aliporudi juu, alimkuta Profesa amesimama mbele ya visahani, mikono nyuma. Vanajakshi akamweleza yote, tangu ile nukta hadi mtihani unaomponyoka. Akasema Puttamma anakana, lakini huenda anaogopa kazi yake, na akamwomba Profesa amwite amhoji yeye mwenyewe.

Profesa akavua miwani, akaifuta, akairudisha machoni. Akasema Puttamma aachwe anywe kahawa yake.

"Mke wangu ndiye aliyenifungia manjano kidogo kwenye karatasi," alisema. "Nilikuona umekonda kwa ajili ya huo mwarobaini wako."

Vanajakshi alitafuta kiti, akakaa.

"Profesa," alisema taratibu, "kama ulitaka kunibariki, si ungepaka meno ya mwarobaini peke yake?"

Profesa akamtazama kwa masikitiko, kama anavyowatazama wa mwaka wa kwanza.

"Nipendelee upande mmoja? Huu ni utafiti, mwanangu."