Taa ya Mlangoni

Katika kisa hiki mjinga ni mimi, nakiri. Kila mlango mtaani kwetu una taa ya serikali: kijani, mbegu za mume zinatosha, nyekundu, hazitoshi. Yangu ilikuwa nyekundu. Miaka ishirini mbele ya tanuri la mikate, na mbegu nazo zimeiva.

Daktari aliniambia nikae mbali na moto miezi mitatu, kisha nipimwe tena. Nikachoka kuchekwa, nikapeleka mbegu za mdogo wangu Shekue kana kwamba ni zangu. Taa ikawa kijani.

Leo imekuja barua: “Kwa kuwa mume ni mzima na mtoto hapatikani, mke aje apasuliwe.”

“Usiende, Mize,” nikamwambia mke wangu, nikaeleza yote. “Nilitaka taa tu.”

Akaikunja barua taratibu. “Taa umeazima kwa Shekue. Na mtoto nikamwazime kwake?”