Mstari wa Bi Mize

"Tiii," jiko lililia jikoni, na Shaame akajua kabla hajafumbua macho kwamba limemkataa mama yake.

Katika mji ule kila mtu alibandikwa alama na mtambo mkuu, na jiko, bomba na mlango vilimtii mwenye alama ya "anatumika" tu. Amri za kugawa alama hizo aliziandika Shaame. Safari hii aliandika kwamba asiyetoka nyumbani mwaka mzima ni "hatumiki", kisha chini yake akaongeza mstari wa kumwokoa mama yake, ambaye miguu imemwisha. Lakini mtambo husoma kuanzia juu, na amri ya kwanza inayomgusa mtu ndiyo humshika. Mstari wa mama haukufikiwa.

Alimkuta Bi Mize kwenye kibao cha mbuzi, birika mkononi.

"Jiko lako lina kiburi, baba. Nimelizaba kofi, wala halina haya."

"Kosa langu, mama. Mstari wako niliuweka chini."

"Kauweke juu basi."

"Mtambo haupokei amri nyingine mpaka mwakani."

Bi Mize alilitua birika. "Ukenda kazini, nani atanifungulia maji?"

"Nitakaa nawe."

"Na mwaka ukikukuta humu ndani, si nawe utakuwa 'hatumiki'?"

Shaame aligusa jiko, moto ukawaka. Akalibandika birika.

"Sitoki, mama," alisema kwa sauti. "Nakuahidi, mwaka utatukuta pamoja."