Kadi za Mabehewa Mawili

Kadi ilikwama kwenye fremu yake ya chuma, na mlinzi alikuwa amebakiza hatua ishirini ageuke. Ludger akaivuta kwa meno.

Ilikuwa alfajiri ya ukungu mwaka 1943, katika stesheni moja ya Poland, na kuwasha hata kibiriti kulikatazwa. Divisheni yao ya askari wa miguu wa Ujerumani ilikuwa ikigawanywa. Jana yake Sajini Brandis alitangaza kwa sauti ya msoma matokeo ya mtihani: "Sisi, Urusi. Waoka mikate wa behewa la jirani, Italia."

Ludger alikuwa ameshaacha vidole vitatu vya mguu Urusi, wala hakuwa na hamu ya kwenda kuvisalimia. Kila behewa lilikuwa na kadi ya mahali liendako, na watu wa reli waliunganisha mabehewa kwa kufuata kadi hizo tu. Akapapasa, akabadilisha ya kwao na ya waoka mikate, akarudi ndani akihema.

"Ulikuwa wapi?" akauliza rafiki yake Ewald.

"Kukojoa."

"Muda wote huo? Una kibofu cha ng'ombe, bwana!" Ewald naye akashuka. Asubuhi ile haja ndogo ilikuwa kama ugonjwa wa kuambukiza. Watu walishuka na kupanda mpaka milango ikafungwa kwa nje na treni ikaondoka.

Kutwa nzima Ludger hakutulia. Mwishowe akamnong'oneza Ewald: "Wale waoka mikate wana watoto, ndugu yangu. Nimewapeleka Urusi. Nilibadilisha kadi."

Ewald akageuka rangi. "Ulibadilisha? Mbona na mimi nilibadilisha!"

"Hukusoma kwanza?"

"Kwa taa ipi, mjinga wewe? Umetuua!"

"Wewe ndiye uliyetuua!"

Wakakabana makoo. Korbinian, mzee wa behewa, akakohoa kutoka kwenye majani alikolala. "Acheni ugomvi, wanangu. Nami nilishuka baada ya Ewald. Nikabadilisha."

Wakahesabu kwa vidole. Mara ya kwanza, Italia. Ya pili, Urusi. Ya tatu... Italia! Wakakumbatiana, wakarukaruka, Ewald akambusu Korbinian kwenye upara, na waoka mikate wakasahauliwa papo hapo.

Kisha wakageuka. Sajini Brandis, waliyedhani amelala kwenye kona ya behewa, alikuwa amesimama nyuma yao, mkono kiunoni penye bastola. Kosa lile lilikuwa na adhabu moja tu, nayo haikuwa kufagia bweni.

Mkono ukaiacha bastola. Ukapanda juu, polepole, kama wa mwanafunzi anayekiri kuvunja dirisha.

"Ongezeni kidole kimoja," akasema.