Macho ya Nondo

Siku moja mvua ilipozidi, Nondo mkubwa kama jani la mkungu aliingia bandani kwa Kuku, akatua ukutani. Panya, mpangaji wa humo, aliona macho mawili yamechorwa kwenye mabawa yake.

"Mama Vifaranga, mtoe huyo! Ni mchawi!"

"Kalowa, baba. Mwache akauke," Kuku alijibu, akiwasogeza wanawe wampishe.

"Basi ayafunike hayo macho!"

Nondo akakunja mabawa.

Mara Paka akaingia, akamkanyaga Panya mkia. Nondo akayakunjua mabawa mbele ya pua ya Paka. Paka alipoyaona yale macho alidhani ni bundi, akatoka mbio na kurudi mvuani.

Nondo akaanza kukunja mabawa tena.

"Nisamehe, dada," Panya akasema. "Tafadhali usiyafunike."