Sauti ya Siwema

Mwanakombo alifungua blogu yake ya habari za Ngamiani akakuta pilau za arusi zimejipika zenyewe. Kila alipokuwa amemtaja shoga yake Siwema, mpishi wa shughuli zote za mtaa, palibaki pengo jeupe. Siwema alizikwa mwezi uliopita, na sheria ndiyo hiyo: jina hukaa mtandaoni iwapo tu mwenyewe ataliridhia kwa sauti, mwezi hadi mwezi. Marehemu hajibu.

"Hapa sikubali," alisema. Akatupia baibui, akaenda moja kwa moja kwa Salha, binti wa marehemu, aliyekuwa amejifungua wiki ile.

"Mtoto mmeshampa jina?"

"Bado, mama mdogo. Mbona unahema hivyo?"

"Mpe la bibi yake."

Salha aliitazama simu mkononi mwa mgeni wake, akaelewa. "Haya. Ni Siwema."

Mwanakombo akaisogeza simu karibu na kichanga.

"Siwema, unaridhia?" simu iliuliza.

Mtoto akalia kwa nguvu zake zote.

Mapengo yakajaa, pilau moja baada ya nyingine ikapata mpishi wake. Mwanakombo alicheka huku machozi yakimtoka, Salha akapiga kigelegele.

Kisha simu ikasema kwa upole: "Karibu tena, Bi Siwema. Tulidhani umefariki. Hongera kwa kupata mjukuu. Sasa tunaomba na yeye atupe sauti yake."

Salha akamtia mtoto titi mdomoni upesi, asije akalia tena kwa sauti ileile.